Majua ya Jirani Yetu

Krismasi iliyopita nililala kwa Koko, pale Kitengela upande wa kwenda Isinya nilikolelewa, na asubuhi nikaamka na nia moja tu: nikae mlangoni nione jua likichomoza. Nikangoja. Saa kumi na mbili na nusu ikapita, saa moja ikapita, chai ikapoa mkononi. Kumbe jua lilikuwa limetoka kitambo. Ni vile tu mbele yetu siku hizi kuna jumba la ghorofa tano, nguo zimeanikwa kila roshani, na mpaka jua lipande lipite matangi ya maji ya huko juu ni saa tatu kasoro. Nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika, halafu nikaanza kukumbuka. Hebu vuta kiti nikusimulie, maana hii habari nimekaa nayo miaka mingi na sijawahi kumwambia mtu yote.

Koko ndivyo sisi Wamaasai tunavyomwita mama mzaa mama. Mama yangu alikuwa amepata kazi Loitokitok kwenye mashamba ya vitunguu, huko hakukuwa na mahali pa kuweka mtoto, basi nikaachwa kwa Koko. Siku hizo mbele ya mlango wetu kulikuwa na ua wa miiba, zizi la mbuzi, nyasi, halafu nyasi nyingine, na mbali kabisa vilima vya upande wa Machakos. Upepo wa Kitengela si unaujua? Ulileta vumbi mpaka ukitafuna chapati unalisikia kwa meno. Malori ya mawe na simiti yalinguruma barabara ya Namanga kutwa nzima, lakini asubuhi mapema ilikuwa ni kengele za mbuzi tu na maziwa yakichuruzika kwenye kibuyu. Koko alisafisha vibuyu vyake kwa kijinga cha moto, na mpaka leo nikipewa maziwa yasiyo na harufu ya moshi huona nimepunjwa.

Jirani yetu alikuwa mzee Mkamba, mstaafu, mtu aliyefanya kazi ya kuchora ramani serikalini maisha yake yote. Mkewe alikuwa ameshaaga dunia na watoto wake walikuwa na maisha yao Nairobi. Alinunua kiploti kando ya ua wetu, akajenga nyumba ya mabati ya vyumba viwili, akapanda mipapai mitatu ambayo ilikataa katakata kuzaa. Siku ya kwanza nilipomwendea kumsalimia niliinamisha kichwa mbele yake, vile watoto wa kwetu hufunzwa, ili mtu mzima akuguse utosini. Maskini, yeye hakujua afanye nini na hicho kichwa. Alikipapasa huku na huku, kisha akaniuliza kama kinauma. Koko alicheka wiki nzima. Mimi nilimwita Babu, na yeye aliniita Karani, kwa sababu alinikuta nikiandika majina ya mbuzi wetu kwa kaa kwenye ukuta wa tangi lake jipya, na badala ya kunichapa alisahihisha mwandiko.

Sasa Babu alikuwa na darubini. Si ile ya kushika mkononi ya kuangalia twiga. Ilikuwa bomba refu jeupe, limesimama kwa miguu mitatu, na chini yake kioo kidogo cha pembeni, hata ungeinama tu na kuangalia chini wakati yenyewe inaangalia mbinguni. Watu wote walidhani mzee anaangalia nyota. Wapi! Yeye aliangalia jua. Kila asubuhi, jua likishapanda kiganja kimoja juu ya vilima, alitoka na stuli yake, ubao wake wa kuandikia, na kichujio kilichofungwa kwa kitambaa cha mkewe, kitambaa chenye maua. Kichujio kilikuwa kioo cheusi cha kuvalisha mdomo wa darubini. Kabla ya kukivalisha alikiinua juu akakikagua kama kina hata mkwaruzo mmoja, kila siku, na kila siku alisema maneno yale yale: "Kwanza kichujio, halafu jicho. Ukikosea hiyo mpangilio, Karani, utakosea mara moja tu." Nilikuwa nimeanza kuyasema pamoja naye kama salamu ya kanisani.

Siku aliyoniruhusu kuchungulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na aki, sijasahau. Nilitarajia moto. Nilitarajia miale, ndimi, jehanamu yenyewe. Nilichokuta ni duara tulivu la rangi ya chungwa, limetulia kwenye giza, na juu yake vidoa vyeusi vitatu vinne. Nikafuta kioo kwa kona ya sweta, nikijua ni uchafu. Vidoa vikabaki. Babu akacheka mpaka akashika kiuno. Akaniambia hayo ni madoa ya jua lenyewe, mahali ambapo pamepoa kidogo kuliko pengine, na lile dogo unaloliona hapo dunia nzima inaweza kutumbukia ndani. Nikauliza na Kitengela? Akasema Kitengela na Kajiado na barabara yote mpaka Namanga. Hiyo siku sikula chakula cha mchana. Nilikuwa na maswali mengi mno. Nani aliyapaka? Yanaenda mahali? Usiku yanakaa wapi? Na kwa nini mwalimu wetu, aliyetufundisha kwamba jua ni nyota, hakutaja hata siku moja kwamba liko na madoa?

Koko alikataa. Alisema Enkolong, yaani jua, haliangaliwi usoni, si adabu na si akili. Alikataa siku nne. Siku ya tano, akipeleka mbuzi, alipita karibu na darubini, akazunguka, akapita tena, halafu akaniambia nimshikie fimbo. Aliinama akakaa hapo muda mrefu mpaka mbuzi wakaingia kwenye mboga za watu. Alipoinuka alisema tu, "Kumbe hii jua iko na rangi kama ng'ombe ya baba yangu." Kuanzia hapo kila asubuhi alipita kuangalia kabla ya machunga. Hakuhesabu madoa, kwa sababu kwetu mifugo haihesabiwi kwa sauti. Unawatazama tu, na uso mmoja ukikosekana unajua ni nani. Basi aliyapa majina. Kulikuwa na wale mapacha, kulikuwa na yule mwenye mkia, na lile kubwa kuliko yote, kila lilipojitokeza jingine, aliliita Narok, yaani yule mweusi.

Mwaka huo, mwezi wa kumi na moja, macho ya Babu yalianza kusumbua. Alimwaga chai kando ya kikombe. Aligonga mlango wake mwenyewe na bega. Koko akampeleka Kajiado kwa daktari wa macho, wakarudi jioni, wakaketi kwenye benchi letu, na mimi nikiwa hapo chini nikichambua shanga za Koko kwa rangi niliwasikia wakiongea. Daktari alikuwa amesema ni presha ya macho. Ni ugonjwa unaokula polepole bila kuuma, na kilicholiwa hakirudi. Babu hakumuuliza daktari kama atapona. Alimuuliza, ilianza lini? Na daktari akasema hakuna anayeweza kujua, pengine miaka, pengine mingi.

Hiyo ndiyo ilimvunja. Unaona, tangu astaafu Babu alikuwa amechora jua kila asubuhi iliyokubali, karatasi moja siku moja, na alikuwa nazo sanduku zima la bati. Alikuwa mtu wa kujivunia mkono wake. Alipenda kusema kwamba ofisini kwao mtu akichora mto mahali ambapo hauko, kuna mtu mahali fulani atakufa na kiu. Sasa hakujua kama majua yake ni ya kweli. "Nataka tu kujua," alimwambia Koko, "kama niliona, ama ni macho yalikuwa yananidanganya." Koko alimsukumia kikombe cha maziwa karibu na mkono, mahali atakipata bila kutafuta.

Likizo ya Desemba ilipofika aliniita. Alisema anataka macho mazima ya mtu mwingine yachore jua siku kumi na nne mfululizo, kwa sababu doa moja huchukua karibu hizo siku kutoka linapojitokeza kwenye ukingo mmoja mpaka linapopotelea ukingo wa pili. Baadaye ataweka michoro yangu kando ya yake. Alitia kufuli kwenye sanduku lake ili nisije nikaiga. Alinifundisha kunoa penseli kwa wembe, kuchora duara kwa kufuatisha kifuniko cha mkebe wa majani chai, kuandika pembeni saa na upepo na mawingu, kukoleza kiini cha doa kwa ncha na kivuli chake kwa ubavu wa penseli. "Usiniambie chochote mpaka siku ya mwisho," alisema. "Kaa, angalia, chora. Mkono usitangulie jicho." Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilitembea na ile penseli sikioni hata nikienda kisimani.

Siku ya kwanza Narok alikuwa ndiyo anajitokeza chini kabisa ya duara, mwembamba, amejibana ukingoni. Nilichora. Siku ya pili alikuwa amesogea juu kidogo. Nilichora. Siku ya tatu akawa juu zaidi, mapacha wakimfuata. Koko alipochungulia alisema, "Wanapanda kilima," akachukua fimbo yake akaenda zake. Na ni kweli, walikuwa wanapanda. Nilijiuliza sana huko juu wataenda wapi.

Siku ya nne Babu alikuwa ndani anapika muthokoi, na mimi nikaona kitabu chake kwenye meza ya nje. Kitabu kikubwa cha jua, kilichotoka Ulaya, zawadi ya watoto wake iliyofika macho yakiwa yameshaharibika, karatasi zinang'aa. Nikafungua. Kulikuwa na picha za jua zimepangwa siku baada ya siku, na madoa yake hayakupanda popote. Yalitoka kushoto yakaenda kulia, polepole, kwa adabu, kila picha.

Nikaangalia michoro yangu mitatu, chini kwenda juu, nikaangalia kitabu. Lazima unielewe, rafiki yangu, mimi nilikuwa mtoto wa darasa la sita. Darasani kwetu jibu lilikuwa moja, na lilikuwa nyuma ya kitabu. Ukiandika kitu tofauti na kitabu ulipigwa mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, na hakuna mwalimu aliyewahi kukuuliza wewe umeona nini. Sikufikiria hata kidogo kwamba kitabu na jua vinaweza kutofautiana. Nilifikiria nimeshika karatasi vibaya. Halafu nikafikiria kitu kingine, na hiki ndicho kilichonimaliza: Babu anataka michoro yangu ifanane na yake. Yake ni ya mtaalamu, lazima inafanana na kitabu. Nikipeleka hii takataka yangu inayopanda kilima, atadhani macho yake ndiyo mabovu. Basi nitamsaidia.

Nikazichukua zile karatasi tatu, nikazichora upya. Narok nikamtoa chini nikamweka kushoto. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nainama kwenye darubini, namwona Narok waziwazi yuko pale alipo, na kwenye karatasi namweka mahali kitabu kinataka awe. Sikujiona mwongo hata kidogo. Nilijiona mjanja.

Siku ya kumi na nne Babu alifungua kufuli. Tuliketi barazani juani kwa sababu alihitaji mwanga mwingi, na alitumia lenzi nene ya kukuza, karatasi ameisogeza mpaka inagusa pua. Aliangalia yangu ya kwanza. Aliangalia yake. Aliangalia yangu ya tano, ya kumi. Alichukua muda mrefu sana, na mimi nilikuwa nimeketi pale natabasamu, nangoja kusifiwa. Kisha akaweka lenzi chini. "Asante, Karani," akasema. "Umechora vizuri. Safi kabisa." Akarudisha karatasi zake kwenye sanduku bila kuzipanga, yeye ambaye hata kuni alizipanga kwa urefu. Hakuweka kufuli.

Kesho yake hakutoka na darubini. Wala kesho kutwa. Nilipomuuliza Koko, aliniambia mzee amekubali kwamba macho yake yalikufa zamani kuliko alivyodhani, ameacha mambo ya jua. Bado sikuelewa. Mimi si nilichora vile ilitakikana?

Nilielewa shule zilipofunguliwa Januari. Nilikuwa napitia kwake jioni nikitoka shule, ananipa chai. Babu alipika chai nzito ya tangawizi kwenye jiko la makaa, nje, na siku hiyo nilimkuta akiwasha jiko. Alikuwa anakunja karatasi moja moja, anaisukuma chini ya makaa, anapuliza. "Hizi ni nzuri," alisema, "zinashika haraka." Moja ilijikunjua ikiungua na nikaona duara. Ndani ya duara, chini kabisa, karibu na ukingo, doa. Iliyofuata ilikuwa na doa hilo hilo, limepanda kidogo. Halafu moto ukaila.

Hapo ndipo niliona kila kitu kwa mara moja. Majua ya Babu yalikuwa yanapanda kilima, miaka yote, vile vile kama nilivyoona mimi. Tulikuwa tumeona kitu kimoja. Na mimi ndiye niliyemwambia, kwa penseli yangu mwenyewe, kwamba hakuona.

Ningesema hapo hapo. Najua. Usinitazame hivyo. Nilifungua mdomo, na kikombe kikawekwa mkononi mwangu, na Babu akaniuliza habari za shule, nikasema nzuri. Nikanywa. Kesho yake nikarudi, jiko likawashwa, nikanywa tena. Nilikuwa naogopa. Sikuogopa kuchapwa, kwa sababu Babu hakuwa mtu wa kuchapa. Niliogopa vile uso wake utakuwa. Nilinyamaza wiki tatu nzima, na kila jioni niliangalia ni karatasi ngapi zinaingia, na kila jioni nilijiambia kesho.

Koko ndiye aliyenitoa, bila kujua. Jumapili moja baada ya kanisa aliniambia nimsindikize kwa mzee, ana kitu cha kumpa. Babu alikuwa barazani, uso umeelekea barabara, na wakati huo alikuwa anatambua watu kwa sauti. Koko akamwekea mapajani kipande cha ngozi ya mbuzi, duara, kimeshonwa shanga za rangi ya chungwa, juu kina kitanzi cha kutundikia ukutani. Alisema aliona mzee amehuzunika, na kwa vile macho yanaondoka amemletea jua la kushika. Alikuwa amelishona Desemba, kila siku akitoka machungani, mstari kwa mstari kuanzia chini, na kila siku aliweka shanga moja kubwa nyeusi mahali alipomwona Narok asubuhi.

Babu alishika kitanzi kwanza, akajua juu ni wapi. Kisha kidole chake kikaanza kutafuta. Kikaipata shanga ya kwanza, chini kabisa. Kikapanda kikapata ya pili, karibu sana. Ya tatu. Katikati kidole kikasita, kwa sababu shanga zilikuwa zimeachana, akauliza hapa mbona amerukaruka. Koko akamwambia, kama mtu anayeeleza kitu cha kawaida kabisa, "Hapo katikati anatembea haraka, mzee. Kule kwa pembe analegea. Mimi niliweka vile ameenda." Kidole kikaendelea mpaka juu, ambapo shanga zilibanana tena, kikasimama ukingoni.

Akarudisha kidole chini, akapanda tena tangu mwanzo. Baadaye nilielewa ni kwa nini. Jua ni mpira, na kitu kinachotembea juu ya mpira ukikiangalia kwa mbele kitaonekana kinajikokota pembeni na kinakimbia katikati. Hilo huwezi kulibuni kama hukuliona. Babu alikuwa amelichora miaka yote, na sasa mwanamke ambaye hakuwahi kushika penseli alikuwa amelishona, shanga kwa shanga. "Mama," akamwambia Koko kwa sauti ndogo, "nani mwingine aliona hivi?"

"Mimi, Babu," nikasema. Nilikuwa nimeshaanza kulia. "Mimi pia niliona hivyo. Nilifuata kitabu."

Nilimweleza yote. Nilidhani atanifukuza, na kwa kweli ningefurahi anifukuze. Badala yake akaniambia nikalete sanduku. Nilienda. Zilikuwa zimebaki karatasi kumi na moja chini kabisa, zimeshikana kwa unyevu. Akaniambia nizisome. Nikamuuliza nisome vipi, akasema doa liko wapi. "Hii, liko chini, Babu, karibu na ukingo." "Na hii?" "Limepanda." "Na hii?" "Liko katikati." Nilisoma zote kumi na moja hivyo. Nilipomaliza alisema, "Basi niliona." Akavua miwani ambayo haikuwa na kazi tena akafuta macho kwa kile kitambaa cha maua. Sikuwa nimewahi kuona mzee akilia, na Koko, ambaye huwa na neno la kila kitu, alitazama mbuzi.

Lakini swali lilibaki, na Babu hakuwa mtu wa kulala na swali. Kama sisi watatu tuliona sawa, kitabu nacho je? Kilidanganya? Tulibishana pale barazani mpaka chakula kikaungua. Ni Koko tena aliyesema, kwa hasira kidogo, kwani huyo mtu wa kitabu alikuwa amesimama wapi? Ng'ombe ukimwangalia ukiwa huku, kichwa kiko mkono wa kulia. Ukizunguka kule kiko kushoto. Ng'ombe ni yule yule. Babu akapiga paja kofi kubwa. Akaniambia nitundike jua la Koko kwenye ua upande wa mashariki, nijilaze kwenye nyasi kwa ubavu wa kushoto, kichwa kielekee kaskazini kule kitabu kilikotoka, niangalie. Nikajilaza na gauni langu la kanisani. Na haki ya nani, Narok akawa anatoka kushoto kwenda kulia. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakashtuka. Sisi tunakaa karibu na katikati ya dunia na jua letu huchomoza likipanda wima. Wao wako juu huko, hulitazama kutoka pembeni. Hakuna aliyekosea isipokuwa mimi, niliyeona kimoja nikachora kingine.

Babu aliishi miaka mingine minne. Nilikuwa namchorea, na kumwelezea kwa mdomo, na sikusogeza doa hata upana wa unywele. Darubini alinipa kabla hajafa. Ninayo Nairobi ninakokaa, na mara nyingi Jumamosi huipandisha kwenye paa la nyumba na kuchora, na watoto wa majirani hunijia na maswali yale yale niliyokuwa nayo. Watu huniambia ana bahati aliyekufundisha wewe. Huwa nageuza mazungumzo.

Maana jua la leo naweza kulichora, na la kesho pia, Mungu akipenda. La asubuhi zile siwezi. Madoa hayadumu, yanatoka, yanazunguka, yanafifia, na hakuna yanayorudi vile vile. Nina uhakika kwamba asubuhi nyingi za miaka ile, hapo Kitengela, mtu aliyeketi akaliangalia jua na kuliandika alikuwa mmoja tu, na aliliandika kwa haki. Alichoona hakiko tena mahali popote. Kilichemsha chai, na mimi nilikunywa.